Majani yanayokula mukuba: jibu nililomupa mudogo wangu kabla hajatoa dola 150



Tangu wiki tatu hivi kuna odio moja inazunguka hapa Lubumbashi. Mtu anaongea na sauti ya ukubwa, anasema kuna majani yanayokunywa kobalti kutoka ndani ya bulongo. Unayapanda kama vile mahindi, unayavuna, unayachoma, na ndani ya majivu unakuta kobalti ya kuuza. Hektari moja, anasema, inatosha kijana aachane na kutafuta kazi. Kuingia katika kikundi chao ni dola 150: wanakupa mbegu na mafundisho ya siku mbili. Mudogo wangu alinitumia ile odio na swali moja tu: « Yaya, wewe ulisoma agronomi. Ni kweli ao ni bongo? »

Ingekuwa bongo tupu ningemujibu kwa neno moja. Shida ni kwamba nusu ya kwanza ni kweli kabisa, tena ni moja ya mambo mazuri sana niliyojifunza chuoni. Inaharibika pale kwenye makuta. Nilimujibu kwa ujumbe murefu, akaniambia niuandike hapa juu marafiki wake wanne nao wamekwisha kuweka franga pembeni. Basi naandika.

Tuanzie kwetu, maana habari hii ina mizizi katika Katanga kuliko fasi nyingi za dunia. Ukitoka Lubumbashi kwenda Likasi, Fungurume, mpaka Kolwezi, unapita katikati ya pori la miombo. Halafu mara moja unaona kilima kisichokuwa na miti: majani mafupi tu, mawe yenye rangi ya kijani, na maua madogo. Mgeni anafikiri watu walikata miti kwa ajili ya makala. Hapana, miti yenyewe ilikataa. Bulongo ya pale iko na mukuba mwingi mpaka mizizi ya mti wa kawaida inashindwa kukua. Vilima vya namna hiyo vinapita mia moja katika eneo letu, na wataalamu wa mimea wamehesabu juu yake spishi zaidi ya 600. Kati yao kama 30 hivi haziko fasi nyingine yoyote duniani.

Ua linalojulikana zaidi linaitwa Haumaniastrum katangense. Ni la jamaa moja na bazilike, lina maua ya rangi ya zambarau, na watu waliotafuta madini zamani waliliita « ua la shaba » juu lilipoota kwa wingi walijua chini kuna kitu. Tena lina hadithi nzuri zaidi. Wazee wetu waliyeyusha mukuba mamia ya miaka mbele Wazungu kufika, wakafanya ile misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama franga. Mahali tanuru zao zilipokuwa, bulongo ilibaki na shaba, na ua lile likaja kuota palepale. Wanaakiolojia walilifuata na kukuta tanuru za karne ya 14. Mimi nikikumbuka jambo hilo naona kama ua lile ni karani aliyeandika kazi ya wazee bila kulipwa.

Mtaalamu wa mimea kutoka Ubelgiji, Paul Duvigneaud, alisoma vilima hivi kuanzia miaka ya 1950, na mwaka 1963 alitoa pamoja na mwenzake kazi kubwa juu ya shaba na mimea ya Katanga. Baadaye, katika miaka ya 1970 na 1980, Robert Brooks wa New Zealand na François Malaisse, aliyefundisha hapa Lubumbashi, walipima majani ya mimea hiyo katika labo. Jani la kawaida, kama la muhindi ao la mwembe, lina shaba kama miligramu 5 mpaka 20 kwa kilo moja ya majani makavu, na kobalti yake mara nyingi haifiki hata miligramu 1. Wao walipata mimea ya Katanga yenye kupita miligramu 1,000. Orodha yao ilifika spishi kama 30 za shaba na kama 30 za kobalti. Hakuna nchi nyingine iliyokuwa na orodha kama hiyo. Mimea ya aina hiyo ikapewa jina la vikusanyaji vikubwa vya metali.

Hapa ndipo mtu wa odio alisimamia. Lakini kisa hakikuishia pale.

Mwaka 2007 watafiti wa Ubelgiji na wa Lubumbashi walirudia vipimo kwa kufanya jambo moja ambalo mama yoyote wa hapa anafanya kila siku kabla ya kupika: waliosha majani vizuri. Namba zikashuka sana. Sehemu kubwa ya ile shaba na kobalti haikuwa ndani ya jani, ilikuwa vumbi juu ya jani. Mimea ya vilima vyetu ni mifupi, mingi ina manyoya, mvua inarusha bulongo juu yake, na wakati wa kiangazi upepo unafanya kazi ileile. Mnajua kiangazi cha Lubumbashi, sina haja ya kueleza. Mimea michache ilibaki na namba za maana hata baada ya kuoshwa, lakini mingi ilitoka katika orodha. Mwaka 2013 wataalamu walipendekeza hata mpaka mpya: kwa shaba na kobalti inatosha jani lifike miligramu 300 kwa kilo, kwa nikeli ni 1,000, kwa zinki 3,000.

Na lile ua letu la shaba? Walipolikuza katika mazingira safi, wakimwaga shaba kwa kipimo, liliishi vizuri, ata lilipenda shaba kuliko kukosa shaba. Lakini halikuipandisha kwa wingi mpaka kwenye majani. Linavumilia, halikusanyi. Haya ni mambo mawili tofauti, na odio ile imeyachanganya. Mtu anaweza kuishi karibu na bar bila kuwa mulevi.

Mimi mwenyewe niliangukia mtego huo wakati wa kazi yangu ya mwisho ya masomo. Nilichukua majani kandokando ya barabara ya udongo, nikayakausha, nikayasaga, nikapeleka labo. Jibu lilipotoka nilifurahi sana, nikafikiri nimepata mmea wa ajabu. Mwalimu aliniuliza: « Uliosha? » Nikakaa kimya. Nilirudi kuchukua mengine, nikayaosha mara tatu, na namba ikashuka chini ya nusu. Analize ile ya kwanza niliilipa na makuta yangu, kwa hiyo najua vizuri bei ya vumbi.

Sasa mutaniuliza: kwa hiyo kuvuna metali na mimea ni hadithi tu? Hapana. Kunafanyika. Lakini si na shaba, ni na nikeli.

Wazo lilitolewa na Rufus Chaney, mtaalamu wa udongo wa Marekani, mwaka 1983. Miaka ya 1990 walijaribu kule Marekani, na matokeo yalitoka mwaka 1995. Leo mfano mzuri ni Albania. Kule kuna mashamba juu ya mawe ambayo wanajiolojia wanayaita ya ultramafiki: bulongo yake haina kalsiamu ya kutosha wala fosforasi, ina magneziamu nyingi, na ina nikeli. Mahindi na ngano vinateseka. Lakini kuna mmea wa kienyeji wenye maua ya manjano, jamaa moja na kabeji, unaitwa Alyssum murale (siku hizi wamebadilisha jina, ni Odontarrhena). Huo unaweka ndani ya majani yake nikeli inayopita asilimia 1, yaani gramu 10 katika kila kilo kavu. Wakiweka mbolea kidogo, hektari moja inatoa karibu tani 10 za majani makavu, na ndani yake kilo 100 hivi za nikeli. Katika Malaysia, kisiwa cha Borneo, wanatumia kichaka kinachoitwa Phyllanthus rufuschaneyi, kilichopewa jina la yule Chaney. Wanakikata kama vile sisi tunakata majani ya chai, kinaota tena, na majaribio yalitoa kilo 200 mpaka 300 kwa hektari kwa mwaka. Na kule Nouvelle-Calédonie kuna mti ambao ukiukata unatoa maziwa ya rangi ya bluu-kijani: yakikauka, robo yake ni nikeli. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilifikiri ni kosa la uchapishaji.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Unavuna wakati mmea unatoa maua, unakausha juani, unachoma kwa moto unaoongozwa, na joto lake unaweza kulitumia. Majivu yanayobaki yana nikeli asilimia 10 mpaka 20. Mawe ya mgodi mzuri wa nikeli hayafiki pale hata kidogo, mengi yako kwenye asilimia 1 ao 2. Halafu majivu yanaoshwa na asidi, na mara nyingi hawafanyi metali ya kawaida bali chumvi za nikeli, juu hizo zinauzwa bei nzuri zaidi.

Kwa nini nikeli inakubali na mukuba unakataa? Swali hili ndilo lenye maana, kwa hiyo nakaa hapa kidogo.

Kwanza ni namna metali inavyokaa ndani ya bulongo. Shaba inapenda kushikamana na mboji, inang'ang'ania kama mtoto kwenye kikwembe cha mama yake. Mzizi unaweza kuzungukwa na shaba nyingi na usipate ya kunywa. Pili ni sumu yenyewe. Shaba ndani ya seli inarukaruka kati ya hali mbili za kemia, na kila inaporuka inazalisha vitu vinavyounguza seli kutoka ndani. Mmea unaoishi kwenye shaba umejifunza kwanza kufunga mlango: unaiweka kwenye mizizi, hauipandishi juu. Nikeli haina tabia hiyo ya kurukaruka. Mmea unaifunga na asidi kama ile ya ndimu, unaipandisha na maji mpaka kwenye jani, na unaificha katika mifuko ya seli za ngozi ya jani ambako haisumbui kazi ya kutengeneza chakula. Wengine wanafikiri hata inausaidia: mdudu akiuma jani lenye nikeli, harudi.

Kobalti iko katikati. Ni ndugu wa nikeli katika kemia, na mimea kadhaa ya nikeli inaichukua pia, kama ile Berkheya coddii ya Afrika Kusini. Lakini mahali nikeli iko nyingi, kobalti inafungiwa njia. Na hapa kwetu kobalti inakuja pamoja na shaba, ile yenye kuua mizizi.

Tufanye hesabu sasa, ile niliyomufanyia mudogo wangu. Tuwe wakarimu. Tuseme umepata mmea wa Katanga ambao, hata ukiuosha, una miligramu 1,000 za kobalti kwa kilo. Ni zaidi ya mara tatu ya ule mpaka wa 2013. Mimea ya vilima vyetu ni midogo, mingi inafika kwenye goti tu. Tuseme hata hivyo hektari inakupa tani 2 za majani makavu, na hapo nimekuwa mkarimu tena. Gramu 1 kwa kilo, mara kilo 2,000: ni kilo 2 za kobalti. Bei ya kobalti inapanda na kushuka kama jiko la makala, lakini tuchukue dola 30 kwa kilo. Unapata dola 60. Mwaka muzima, hektari muzima, na bado haujalipa mtu wa kulima, wa kuvuna, wa kuchoma, na hujapata kiwanda kinachokubali majivu ya ndoo mbili tatu.

Dola 60, na mlango wa kuingia ni dola 150.

Kwa shaba ni mbaya zaidi. Kilo 2 za shaba, tukichukua dola 10 kila moja, ni dola 20. Wachimbaji wadogo wa Kolwezi wataelewa vizuri nikisema hivi: mfuko mmoja wa kilo 50 wa mawe yenye shaba asilimia 3 una shaba kilo moja na nusu. Yaani hektari yako ya mwaka muzima haijazi hata mifuko miwili. Kwa nikeli ya Albania, hesabu ileile inatoa kilo 100. Tukichukua dola 15 kwa kilo, ni dola 1,500. Si utajiri, lakini mkulima wa mawe mabaya anaweza kukaa chini na kufikiri.

« Sawa Yaya, » mudogo wangu akanijibu, « lakini hata kama haitoi makuta, si inasafisha bulongo? » Ni swali zuri. Tukahesabu tena. Hektari moja, kina cha sentimeta 20, ni mita za ujazo 2,000, yaani karibu tani 2,600 za bulongo. Ikiwa bulongo hiyo ina miligramu 1,000 za shaba kwa kilo, na kuna fasi nyingi karibu na viwanda vya zamani zinazopita hapo, basi chini ya miguu yako kuna kilo 2,600 za shaba. Wewe unatoa kilo 2 kila mwaka. Utamaliza baada ya miaka 1,300. Ungepaswa kuanza karibu na wakati wa makaburi ya kale ya Sanga kule Upemba ili leo uwe unamaliza.

Kuna na dhahabu, juu kuna mtu lazima ataiuliza. Mwaka 1998 watafiti wa New Zealand walionyesha kwamba haradali inaweza kuvuta dhahabu kutoka kwenye udongo, lakini walipaswa kumwaga dawa ya kuyeyusha dhahabu kwanza. Dawa za namna hiyo zinayeyusha dhahabu na zinashuka pia kwenye maji ya kisima. Tuache hapo.

Wengine wanapendekeza tulete mbegu za Albania. Kwenye bulongo yetu ya shaba mmea ule haungekuwa na nikeli ya kuvuta. Ungepaswa kwenda kwenye mawe ya ultramafiki, kama yale ya Musongati kule Burundi ao mstari murefu wa mawe wa Zimbabwe, na Zimbabwe wako na mimea yao wenyewe ya nikeli. Tena kuna kisa cha Oregon, Marekani: walipanda ile Alyssum kwa majaribio, ikatoroka shambani, ikaingia porini kati ya mimea ya pale isiyopatikana fasi nyingine, na serikali ya jimbo ikaiandika kati ya magugu mabaya. Sisi tulio na spishi 30 za vilima zisizo na kwao kwingine, tufikirie mara mbili.

Ile odio ina sentensi moja iliyonikasirisha kuliko zote. Anasema: wakati unangojea mbegu, panda lengalenga na matembele kwenye bulongo ya kiwanda, « utavuna mboga na utasafisha udongo, faida mara mbili ». Wandugu, hapana. Mboga za majani zinachukua metali, hiyo ni kweli, vipimo vya watafiti wa Lubumbashi vimeonyesha mboga za bustani za hapa mjini zenye shaba, kobalti, kadimiamu na plombi zinazopita kipimo. Hazichukui vya kutosha kusafisha udongo, lakini zinachukua vya kutosha kuingia ndani ya mtoto. Mwaka 2009 watafiti wa Iniversite ya Lubumbashi na wa Leuven walipima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Kobalti waliyoikuta ilikuwa ya juu kuliko yote iliyowahi kuandikwa duniani kwa watu wa kawaida, watu wasiofanya kazi kiwandani. Watoto walikuwa na nyingi kuliko wakubwa. Inapita katika vumbi, maji na chakula. Mama yetu analima lengalenga pembeni ya muto, na tangu nisome kazi ile nimemuomba mambo mawili: aoshe majani katika maji ya bomba na si ya muto, na aweke chokaa na mavi ya kuku mengi kwenye matuta. La kwanza anafanya. La pili alicheka, akasema chokaa ni ya kupaka nyumba. Nilimununulia mfuko mimi mwenyewe.

Chokaa kwa nini? Juu inapunguza uchachu wa bulongo, na bulongo isiyo chachu inashika metali kwa nguvu zaidi. Mbolea ya wanyama inafanya hivyo pia, ile mboji niliyosema shaba inaing'ang'ania. Tunachotafuta kwenye bustani ni kinyume cha ile odio: metali ibaki pale ilipo, isipande juu.

Na hapo ndipo nafikiri kazi ya kweli ya mimea hii iko kwa sisi. Mnajua fasi inaitwa Penga Penga, upande ambao upepo ulipeleka moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza mwaka 1911. Miti ilikufa, mvua ikabeba udongo wa juu, ikabaki nyekundu tupu. Wakati wa kiangazi vumbi lake linaingia katika nyumba za watu. Watafiti wa fakulte ya agronomi ya hapa walijaribu kupanda pale majani ya vilima vya shaba pamoja na chokaa na mbolea, na walitoa matokeo yao mwaka 2010. Moja ya majani hayo ni Microchloa altera, jani dogo, fupi, lisilo na uzuri wowote, ambalo hakuna mtu atalitengenezea odio. Linashika bulongo na mizizi yake, linavumilia shaba, na halipandishi nyingi juu, kwa hiyo mbuzi akilila si hatari kubwa. Halitajirishi mtu. Linafunga vumbi.

Kazi iko ndani yake? Kiasi. Sheria ya madini ya 2002, iliyorudiwa mwaka 2018, inalazimisha kampuni kutengeneza upya mazingira baada ya kuchimba, na mtu lazima afanye vitalu, akusanye mbegu, apime udongo, ajue jani gani linaota wapi. Kule Fungurume walihamisha udongo wa juu pamoja na mimea yake kabla ya kuchimba vilima, ili spishi zisipotee. Maana zinapotea: Acalypha dikuluwensis, iliyoota Dikuluwe tu, imekwisha kuandikwa kati ya mimea iliyotoweka duniani. Kilima kilichimbwa, nayo ikaenda na kilima. Kwa maoni yangu, kijana mwenye lisansi ya agronomi anayejua kuotesha mbegu za mimea ya shaba ana ujuzi ambao hakuna mtaalamu wa kutoka nje anaweza kuubeba katika valizi. Lakini si mshahara wa kesho asubuhi, na sitaki kuwauzia odio nyingine.

Ukitaka kujaribu uvunaji wa metali kwa akili, swali si « mmea gani ni wa ajabu? ». Kwa mtu yeyote anayekuletea mradi, uliza: jani lilioshwa? Lilipimwa katika labo gani, na karatasi ya matokeo iko wapi? Hektari inatoa tani ngapi kavu? Nani ananunua majivu, na ameandika wapi kwamba atayanunua? Mudogo wangu aliuliza ya mwisho tu katika kikundi kile. Walimutoa ndani ya dakika kumi.

Dola 150 zake bado ziko kwake. Mbili kati ya marafiki wake wanne wamekwisha kutoa zao, na mmoja anajaribu kuzirudisha. Kama kuna mwanasheria kati yetu anayeweza kumushauri bila kumulipisha, aniandikie.

Jumamosi ya pili ya mwezi, sisi wanne tunakwenda Penga Penga kuhesabu vichaka vya Microchloa kwenye kipande chetu kidogo, tuone vingapi vilipita kiangazi. Anayetaka kuja aje, tunakutana saa moja asubuhi. Beba chupa ya maji na kofia, juu kule bado hakuna mti wa kukaa chini yake.